Goti limeacha kuuma, na mimi nimeacha mazoezi: nirudi vipi baada ya upasuaji?

Beki wa Jumapili (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, habari za majukumu. Ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo ninaona haya kulieleza mbele ya mtaalamu anayenihudumia, kwa sababu kosa ni langu mwenyewe.

Nina umri wa miaka 38, ni mhasibu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikicheza mpira na timu ya maveterani wa mtaani kwetu kila Jumapili asubuhi. Mwishoni mwa mwaka jana nilikuwa ninageuka kumfuata winga, mguu wa kulia ukabaki umekita kwenye nyasi huku mwili ukizunguka, nikasikia ndani ya goti kitu kama kijiti kinavyokatika. Hakuna aliyenigusa. Kabla ya adhuhuri goti lilikuwa limevimba hata suruali ikakataa kupita. Kipimo cha MRI kilionyesha kwamba ligamenti ya mbele ya goti, ile ambayo watangazaji wa michezo huitaja kwa herufi tatu, ACL, imekatika kabisa. Mwezi Januari daktari wa mifupa alinifanyia upasuaji wa matundu madogo, akachukua kano ya nyuma ya paja langu mwenyewe na kunitengenezea ligamenti mpya.

Wiki nane za mwanzo nilijitahidi sana. Nilipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, mara mbili kwa wiki, magongo yakiwa mapajani, na nyumbani nilibandika karatasi ya mazoezi kwenye mlango wa friji, nikawa ninatia alama ya vema kila siku. Baadaye niliyaacha magongo, nikaweza kupanda ngazi za ofisini, nikaweza kuendesha gari, na maumivu yakaisha. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kazi ilinipeleka Dodoma wiki tatu wakati wa bajeti, karatasi ikabaki Dar es Salaam, na niliporudi nilikuwa nimekosa vipindi sita. Sikupiga simu kuomba miadi mingine. Kila nilipofungua friji niliiona ile karatasi ikinitazama, mpaka siku moja mke wangu alipobandika juu yake ratiba ya mitihani ya watoto, na ninakiri kwamba nilijisikia nafuu.

Juzi usiku nilichukua futi ya cherehani ya mke wangu nikapima kila paja, sentimita 15 juu ya pia ya goti. Paja la kushoto lilikuwa na sentimita 52, la kulia 48 na nusu. Sikupata usingizi vizuri.

Wenzangu wa timu wanasema nimeshapona, kwa kuwa wananiona ninatembea bila kuchechemea, na kuna bonanza la Saba Saba mwezi ujao ambalo wananitaka nicheze walau dakika ishirini. Mmoja wao hanioni bila kunitajia Van Dijk, yule beki Mholanzi aliyeumia goti kama mimi akarudi uwanjani. Ninachouliza ni hiki: je, mtu aliyekatisha mazoezi kwa karibu wiki kumi anaanzia wapi? Na ninyi mliowahi kupita njia hii, mliwezaje kuendelea wakati hakuna tena maumivu ya kuwasukuma?

Fundi wa Viungo (Mombasa)

Ndugu yangu, pole kwa kuumia, na pole pia kwa hiyo haya, kwa maana ninaona imekuweka nyumbani kuliko safari ya Dodoma. Nimekuwa katika kazi ya fiziotherapia kwa miaka kumi na miwili, na mgonjwa anayepotea baada ya kuyaacha magongo ni wa kawaida kabisa katika daftari langu la miadi. Anayepotea wiki ya pili ni nadra, kwa sababu bado anaumwa na anaogopa. Piga simu kesho asubuhi, sema kwamba ulikatisha na unataka kuanza tena, usiongeze maelezo. Huyo mtaalamu wako hatakugombeza, na kama atakugombeza, tafuta mwingine.

Sasa nikueleze kwa nini kukosa maumivu hakukwambii lolote juu ya uimara wa goti. Maumivu uliyoyasikia miezi ya mwanzo yalikuwa ya vidonda vya upasuaji na ya uvimbe, na hayo yana muda wake wa kuisha. Kano iliyotolewa nyuma ya paja na kupitishwa katika matundu ya mfupa haigeuki kuwa ligamenti siku inapofungwa. Kwanza hukosa mishipa ya damu na seli zake nyingi hufa, kisha mwili huijaza seli mpya na mishipa mipya na kuzipanga upya nyuzi zake, kazi inayochukua miezi mingi, na katika wiki za mwanzo za kazi hiyo kano huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa siku ya upasuaji. Yote hayo hufanyika kimya, bila kuuma. Upande wa misuli nao una hadithi yake: uvimbe ndani ya goti huzuia ubongo kuiamrisha vizuri misuli ya mbele ya paja, kwa hiyo misuli hiyo husinyaa upesi sana na hurudi polepole sana, na hairudi kwa kutembea tu. Zile sentimita tatu na nusu ulizozipima ndizo hizo.

Watafiti wa Delaware, Marekani, na wa Oslo, Norway, waliwafuatilia kwa miaka miwili watu waliofanyiwa upasuaji kama wako, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Kwa kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi uwanjani, hadi kufikia mwezi wa 9, kiwango cha kuumia tena goti kilipungua kwa asilimia 51. Miongoni mwa waliorudi bila kutimiza vipimo vya nguvu na vya kuruka, asilimia 38.2 waliumia tena; miongoni mwa waliovitimiza, asilimia 5.6. Takwimu hizo nimeziandika kwa kalamu nene kwenye ubao wa chumba changu, na mgonjwa akianza kunihesabia wiki huwa ninamwonyesha ubao kabla sijafungua mdomo.

Rafiki yako anayekutajia Van Dijk anakusaidia bila kujua. Van Dijk aliumia Oktoba 2020 katika mechi dhidi ya Everton, na mechi yake ya kwanza ya ligi baada ya hapo aliicheza Agosti 2021, yaani miezi kumi baadaye, akiwa na wataalamu wa klabu wakati wote na bila shughuli nyingine yoyote ya kumkatisha. Mei 2021 alitangaza kwamba hataenda na Uholanzi kwenye michuano ya Euro iliyokuwa inaanza mwezi uliofuata, kwa sababu alitaka kuendelea na mazoezi ya kurejea. Ikiwa yeye aliiacha Euro, nadhani wewe unaweza kuliacha bonanza la Saba Saba.

Kuhusu pa kuanzia, usianzie pale ulipoachia. Shuka hatua moja chini, ukae hapo wiki mbili, kisha upande. Kabla ya miadi yako fanya vipimo viwili nyumbani. Cha kwanza, lala kifudifudi, mapaja yakiwa juu ya kitanda na miguu kuanzia magotini ikiwa nje ya ukingo, ulegeze misuli, kisha mwombe mkeo aangalie visigino kwa usawa wa macho. Kama kisigino cha kulia kiko juu kuliko cha kushoto, goti bado halijanyooka lote, na hilo linapaswa kushughulikiwa kabla ya kunyanyua uzito wowote. Kila sentimita moja ya tofauti ni takriban digrii moja ya goti. Cha pili, keti kwenye kiti cha kawaida cha mezani na uinuke kwa mguu mmoja bila kujisukuma kwa mikono. Anza na wa kushoto, uhesabu mara ngapi unaweza, kisha wa kulia. Andika namba zote uende nazo.

Halafu kila asubuhi vitazame vile vishimo vilivyo pembeni mwa pia ya goti. Vikiwa vimejaa, jana ulizidisha, basi punguza. Vikionekana vizuri, endelea. Kukimbia, kuruka na kukata kona visianze mpaka upimwe na mtu anayeweza kukulinganishia miguu miwili, na sisi huwa tunataka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake.

Jambo la mwisho ni lawama kwa wenzangu wa kazi. Karatasi nyingi tunazowapa wagonjwa zina mazoezi kumi na mawili ya kila siku, na hakuna mtu mwenye kazi na watoto anayeweza kuyamaliza. Katika hatua uliyopo, mazoezi ya nguvu mara tatu kwa wiki, yawe manne tu lakini yenye uzito wa kweli, na siku ya kupumzika katikati, yanatosha kuujenga mguu. Mwombe mtaalamu wako aipunguze ile karatasi. Ni haki yako kuomba.

Namba Sita Mstaafu (Arusha)

Kaka, mimi ni yule ambaye wewe utakuwa ukienda Saba Saba, kwa hiyo nisome taratibu.

Nilikatika ligamenti hiyohiyo nikiwa na miaka 35, nikapasuliwa, nikafanya mazoezi miezi mitatu, nikaacha. Kituo nilichokwenda wakati huo walinipa karatasi ya kurudufu yenye picha za mtu akiwa kwenye mashine ambazo mimi sijapata kuziona kwa macho, na tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho hakuna aliyenipima kitu chochote zaidi ya kuniuliza kama ninaumwa. Nikijibu siumwi, wanasema vizuri. Mwezi wa sita baada ya upasuaji kulikuwa na bonanza la Mei Mosi la maofisi, nikaingia kipindi cha pili. Nilicheza dakika kumi na moja. Safari hii ligamenti ilikatika pamoja na menisko, yaani ule mto wa gegedu ulio kati ya mifupa ya goti, na daktari alilazimika kukata kipande. Hicho kipande hakirudi, na ninakihisi kila ninapoteremka ngazi wakati wa baridi ya mwezi wa saba.

Mara ya pili nilidumu miezi kumi na moja bila kukatisha, na sikuwa nimegeuka kuwa mtu mwenye nidhamu zaidi. Nilibadilisha mpangilio wa mambo tu. Kwanza niliacha alama ya vema. Vema inakwambia ulifanya, haikwambii ulifanya nini. Mtu anaweza kutia vema siku tisini na paja likabaki vilevile. Nilinunua daftari la shule la kurasa 48, nikawa ninaandika uzito na idadi. Uzito wangu ulikuwa dumu la lita tano ndani ya begi la mgongoni: nilianza na maji robo dumu, nikafika dumu zima, kisha madumu mawili, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, sikuhitaji mizani. Mpira wa kuvuta nilikata kwenye tyubu ya baiskeli kwa fundi wa jirani, ambaye hakutaka hata kunitoza.

Pili, nilimkabidhi binti yangu kazi ya kuhesabu. Wakati huo alikuwa darasa la tatu. Nilimwonyesha mara moja tu goti linatakiwa kukunjwa hadi wapi ninaposhuka kwenye ngazi ya mlangoni kwa mguu mmoja, na kuanzia siku hiyo akawa anakaa kwenye kigoda na kalamu yake, na kila niliposhuka nusu anasema, "Baba, hiyo siihesabu." Nimewahi kushuka mara ishirini na mbili nikaandikiwa kumi na tano. Kumdanganya mtaalamu ninayemwona mara moja kwa wiki niliweza, lakini yule mtoto alikuwa ananisubiri mlangoni na daftari kabla sijavua viatu vya kazini.

Tatu, na hili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, nilirudi uwanjani bila kucheza. Nilipoumia mara ya kwanza nilijitenga na timu kwa sababu kuwaangalia wenzangu wakicheza kuliniuma roho, nikawa ninakaa nyumbani Jumapili nzima na hasira. Mara ya pili kapteni wetu alinikabidhi begi la jezi na saa ya kutunza muda. Wiki mbili za mwanzo nilijiona kama mtoto wa kuokota mipira. Lakini saa moja na nusu asubuhi nilikuwa lazima niwe uwanjani, kwa sababu jezi ninazo mimi, na wenzangu wakipasha misuli mimi ninapanda na kushuka kwenye benchi la zege kando ya mstari na begi langu la madumu mgongoni. Hakuna mtu aliyeniambia tena "njoo dakika ishirini". Walikuwa wanauona mguu wangu ukitetemeka kwenye ile benchi kila wiki, wakajua wenyewe.

Kuna siku mbaya, sikufichi. Siku hizo nilijiwekea sharti la seti moja tu, hata kama ni saa nne usiku na umeme umekatika. Mara nyingi nikishafanya moja nilifanya na ya pili, na nisipofanya, daftari halikubaki tupu. Siku niliyokuja kupimwa kuruka kwa mguu mmoja, mguu ulioumia ulifika asilimia 93 ya mwenzake. Sasa ninacheza kipindi kimoja, na kabla ya mechi timu nzima inafanya ile programu ya FIFA ya kupasha mwili ya dakika 20. Mwanzoni walicheka, sasa kuna mmoja anayegomba ukichelewa.

Mwalimu wa Netiboli (Morogoro)

Nimeguswa na hilo neno "haya", nikaona nichangie, ingawa mimi niliumia kifundo cha mguu na si goti.

Mtu akivunjika mguu katika ajali ya barabarani, ndugu humletea uji. Mtu mzima, tena mwanamke mwenye watoto watatu, akiumia kwa kucheza netiboli na walimu wenzake, husikia maneno mengine kabisa. Mama mkwe wangu, ambaye ninampenda, aliniambia kwa upole kwamba nimejitakia. Kwa hiyo kila nilipoomba nusu saa ya mazoezi ilikuwa kana kwamba ninaomba ruhusa ya kuendelea na starehe iliyoniumiza. Kifundo hicho kilikuwa kimeteguka mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara zote mbili niliishia kwenye kuchuliwa na kufungwa bendeji, uvimbe ukipungua ninarudi uwanjani. Mara ya tatu ndipo nilipoelezwa kwamba kifundo kilichowahi kuteguka huteguka tena kwa urahisi, na kwamba kilichobaki nyuma ni uwezo wa mguu kujua uko wapi, ambao haurudishwi kwa kuchuliwa.

Dawa yake ilikuwa kusimama kwa mguu mmoja, basi. Macho yakiwa wazi, kisha yamefumbwa, kisha juu ya mto. Niliyafanya nikipiga mswaki asubuhi na usiku, na kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kukuzuia kupiga mswaki, sikuhitaji kuomba ruhusa. Kaka, tafuta zoezi moja katika yale manne ambalo linaweza kujificha ndani ya kitu ambacho tayari unakifanya.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa ni woga. Nilipita vipimo vyote, lakini kwa miezi miwili sikuweza kuruka nikatua kwa mguu ule; mwili ulikataa wenyewe, nikatua kwa ule mzima kila mara. Mtaalamu wangu hakunikaripia. Aliweka godoro, tukaanza kuruka kwa urefu wa tofali moja, kisha mawili. Ikikutokea, usidhani umekuwa mwoga. Sema, kwa sababu na hilo lina mazoezi yake.

Ngazi za Mji Mkongwe (Unguja)

Assalaam alaykum. Yangu ni fupi. Mimi nilikuwa mkimbiaji wa jioni pale Maisara, nikapata maumivu ya kano ya kisigino, sehemu ya katikati iliyo juu kidogo ya mfupa. Nilipewa mazoezi ya Alfredson, daktari wa Umeå, Sweden, aliyeyachapisha mwaka 1998: unasimama kwenye ngazi kwa vidole, unashuka kisigino polepole kwa mguu unaouma, seti tatu za mara 15 goti likiwa limenyooka, seti tatu tena goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Ukipiga hesabu ni mara 180 kwa siku. Alianza na wakimbiaji 15 wa kujifurahisha kama mimi, na wote 15 walirudi kukimbia.

Yanachosha roho, sitasema uongo. Hayana ladha. Kilichonisaidia ni kwamba nyumba tunayokaa ina ngazi ndefu za kizamani, na kila nikitoka au nikirudi lazima nizipite. Niliamua kwamba siruhusiwi kufika juu bila kulipa ushuru. Wiki ya sita ikaangukia Ramadhani. Wengi hapa kwetu huacha kila kitu mwezi huo wakisema watarudi baada ya Idi, na baada ya Idi kuna harusi, na baada ya harusi mambo yamekwisha. Nilimweleza mtaalamu mapema, akahamishia seti za asubuhi kabla ya daku na za jioni baada ya tarawehe, nikiwa nimekwisha kunywa maji. Kwa hiyo wewe nawe, safari ijayo ya Dodoma ipangie kabla hujapanda basi. Tyubu ya baiskeli aliyoisema ndugu wa Arusha inakunjika ndani ya soksi.

Goti Bila Kisu (Mwanza)

Nina shaka na mazungumzo haya. Mimi ligamenti ilikatika kama yenu, sikupasuliwa, na hadi leo ninacheza mpira wa kikapu wa kawaida na kuogelea ziwani. Je, si kweli kwamba hawa madaktari wanatupeleka kwenye kisu, kisha wanatutwisha mwaka mzima wa mazoezi ya kuponya kisu chenyewe?

Fundi wa Viungo (Mombasa)

Ndugu wa Mwanza, swali lako ni zuri na lina jibu. Huko Sweden watafiti waliwachukua vijana 121 wenye shughuli za michezo waliokatika ligamenti hiyo, wakawagawa kwa kura: kundi moja likafanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi, jingine likaanza na mazoezi peke yake, likiwa na nafasi ya kupasuliwa baadaye kama goti litakuwa linalegea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya miaka miwili makundi hayo hayakutofautiana katika maumivu wala katika kazi ya goti, na katika kundi la pili watu 23 kati ya 59 ndio waliokuja kupasuliwa. Kwa hiyo ni kweli kwamba si kila goti linahitaji kisu.

Lakini angalia ni nini kilichokuwa sawa kwa makundi yote mawili. Wote walifanya mazoezi, na ya kupangiliwa, kwa miezi. Wewe mwenyewe hukutueleza ulifanya nini baada ya kuumia, na ninadhani hukukaa tu.

Goti Bila Kisu (Mwanza)

Nilikwenda kwa mtaalamu miezi minane, mara mbili kwa wiki. Umenishika.

Beki wa Jumapili (Dar es Salaam)

Ninawashukuru nyote. Nimechukua siku tano kurudi hapa kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nilipiga simu Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi kabla sijaingia ofisini. Dada wa mapokezi aliniuliza jina, akasema faili langu lipo, akanipa miadi ya Alhamisi. Mazungumzo yote hayakufika dakika mbili, na mimi nilikuwa nimeyaogopa kwa wiki kumi.

Kile kipimo cha visigino mke wangu alikifanya kwa rula ya mtoto: kisigino cha kulia kiko juu kwa sentimita mbili. Kwenye kiti, mguu wa kushoto niliinuka mara 14, wa kulia mara 3, na ya nne niliishia kushika meza. Mtaalamu alizitazama namba hizo, akapima tena mwenyewe, akaniambia kwamba wiki mbili zijazo kazi yetu kubwa ni kulinyoosha goti. Nilimwomba apunguze karatasi, kama nilivyoshauriwa. Aliichukua kalamu akafuta mistari minane, na akakiri kwamba hata yeye hajui kwa nini bado wanaitoa ile ndefu. Vipimo vya kuruka amevipangia mwezi wa tisa tangu upasuaji, yaani Oktoba, na akasema tarehe hiyo ni ya kupima, si ya kucheza.

Kapteni nimemweleza. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama ninaweza kushika filimbi siku ya Saba Saba. Nilimjibu kwamba mwamuzi naye hukimbia na kugeuka, kwa hiyo hapana, lakini saa ya kutunza muda na begi la jezi nipeni. Begi lilifika nyumbani jana jioni. Lina jezi kumi na nane, harufu yake ni ya mwaka jana, na mke wangu amesema halitalala ndani.